Fundi wa Magitaa Anajibu: Nati ya kufungia

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, napiga solo kwenye bendi ya kanisa. Gitaa langu ni la Kichina, umbo la Stratocaster. Nikibonyeza mkono wa tremolo (ile fimbo ya darajani ya kuyumbisha sauti) mara mbili tatu tu, uzi wa tatu umeshatoka kwenye sauti. Nati ni kile kipande cha mwisho wa shingo, karibu na kichwa, nyuzi zinapopita; nimenunua ya kufungia, ile ya vibano vitatu inayozibana nyuzi hapo, na keekee ninayo nyumbani. Nitoboe shingo kwa nyuma, au nifunge skrubu kwa juu?

JIBU: Marahaba. Keekee iache kabatini kwanza. Tazama kichwa cha gitaa, nyuma tu ya nati: kuna kitundu? Magitaa mengi ya aina yako hukazwa chuma cha ndani ya shingo kupitia hapo. Nati ya kufungia ni pana, itakaa mlangoni pa kitundu hicho. Kwa unyevu wa pwani yetu shingo hazitulii, na kila ikijipinda itabidi ung'oe nati nzima ndipo alenki iingie.

Halafu daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa. Floyd Rose, Mmarekani aliyebuni mfumo huu wa kufungia nyuzi miaka ya 1970, mwenyewe alianza bila vikazio vidogo darajani, vile vya kurekebisha sauti ya uzi kidogo kidogo, akaviongeza baadaye. Nati ikishabana, masikio ya kichwani, yale ya kukazia nyuzi, hayana kazi tena. Kama daraja lako ni lile la kawaida, lisilo na vikazio hivyo, uzi ukishuka katikati ya pambio utaanza kutafuta alenki huku kwaya inakungoja.

Kwa hiyo jaribu cha bure. Tyuni ule uzi wa tatu polepole, sikiliza. Ukisikia "tik" kisha sauti ikaruka, uzi unanasa kwenye mfereji wa nati. Utoe, chora mfereji kwa penseli laini mpaka uwe mweusi, rudisha. Kwenye sikio uzungushe raundi mbili au tatu, zisipandane. Nusu ya wanaoniletea tatizo lako huishia hapo, nami hukosa pesa.

Umeng'ang'ania? Basi pima upana wa shingo kwenye nati. Nyingi za umbo hilo zina kama milimita 42. Nati yenye alama R2 ina kama 41, R3 inakaribia 43, na hiyo ya pili itachomoza pembeni, itakukwaruza kidole. Ubao wa freti, ule wenye vyuma vilivyokingama shingoni, usiuguse hata kidogo: uso wa mbele wa nati mpya ukae palepale ulipokuwa uso wa ile ya zamani, kwa sababu freti zote zimepimwa kutoka hapo. Unachonga kuelekea kichwani tu, kwa patasi kali na tupa bapa, unaweka nati, unatazama, unachonga tena. Shingo yangu ya kwanza niliimaliza kwa pupa, nikashuka milimita nzima zaidi. Nyuzi zikalala juu ya freti ya kwanza, zzzz. Nilikata vipande vya kopo la soda, nikavipanga chini ya nati kimoja kimoja mpaka ikapanda. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya tatu, juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya kupita karatasi.

Skrubu funga kwa juu, na utangulize tundu jembamba, mti usipasuke. Boliti za kupitisha kutoka nyuma zinashika zaidi, sikatai, ila ni matundu mawili pale shingo ilipo nyembamba, na ndipo shingo huvunjikia.

Tena, kichwa chako hakikuinama kwenda nyuma. Utahitaji kile kijiti cha chuma cha kulaza nyuzi nyuma ya nati. Bila hicho, kila ukikaza vibano sauti inapanda. Angalia kama kimo kwenye pakiti uliyonunua. Mara nyingi huuzwa peke yake.