Dege la Hitler mikononi mwa adui: maswali yenu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu dege la mabomu la Kijerumani, lenye injini nne, aina ya Heinkel He 177, lililotekwa Ufaransa mwaka 1944 likaenda kujaribiwa Uingereza. Maswali yamemiminika. Nimeyachukua haya.

Lilipatikanaje zima? Jeshi likikimbia si huchoma kila kitu? (Msomaji, Tanga)

Huchoma, lakini si kila mahali wanawahi. Wajerumani walipoondoka Toulouse Agosti 1944, uwanja wa Blagnac ulibaki na karakana, na ndani yake He 177 ikiwa bado inafaa kutengenezwa. Wafaransa waliokuwa wakipigana chini kwa chini wakaidaka. Wakaipaka rangi upya na kuandika ubavuni kwa herufi kubwa *Prise de Guerre*, nyara ya vita. Tarehe 10 Septemba rubani Mwingereza Roland Falk akaipeleka Farnborough, kituo cha majaribio ya ndege kusini mwa Uingereza.

Ilikuwa na michirizi myeusi na myeupe, ambayo ndege za Waingereza, Wamarekani na washirika wao zilipakwa tangu siku walipotua pwani ya Normandy, Ufaransa, Juni 1944, ili wenzao chini wasifyatue. Mimi ningeomba michirizi zaidi. Wapiga mizinga wa Uingereza walikuwa wamefundishwa kwa miaka kuutambua umbo huo na kuutungua.

Picha inaonyesha propela mbili, wewe umeandika injini nne. Nani mwongo? (Nakuru)

Hakuna mwongo, na hapa ndipo penye utamu wote. Kila propela ilizungushwa na injini mbili zenye silinda 12 kila moja, zilizolazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa giaboksi moja. Aina ya mwisho, DB 610, ilitoa karibu nguvu farasi 3,000 kwa kila jozi.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Wakubwa wa jeshi la anga walitaka dege hili kubwa, lenye mabawa ya zaidi ya mita 31 toka ncha hadi ncha, lipige mbizi toka juu ili kudondosha bomu, kama vindege vya Stuka. Propela mbili hukata upepo vizuri kuliko nne. Kwenye karatasi, hesabu ilikubali.

Fundi yeyote wa gereji angewaambia kilichofuata. Mabomba ya moshi ya silinda za ndani, za injini zote mbili, yalibanana katikati. Oili na mafuta yaliyovuja yalituama chini ya kifuniko, na bomba likishakuwa jekundu, basi. Nyuma hakukuwa na nafasi. Mipira ya mafuta na nyaya zilisongamana hadi kwenye bawa, bila ukuta wa kuzuia moto. Wanajeshi wao wenyewe wakaliita kiberiti cha jeshi la anga. Mwaka 1942 Göring, mkuu wa jeshi hilo la anga, alifoka kuhusu hizo injini za kuunganishwa, na sharti la mbizi likafutwa. Injini zikabaki palepale.

Waingereza walilionaje walipolirusha? (Morogoro)

Aliyelirusha sana Farnborough ni Eric Brown, Mskoti aliyekijua Kijerumani vizuri na ambaye maishani alirusha aina 487 za ndege. Hakulipenda. Alisema baadaye ni moja kati ya ndege chache za Kijerumani ambazo hakufurahia kuzirusha. Kilichomtia wasiwasi zaidi ni usukani: ulikuwa mwepesi kupita kiasi kwa chombo kizito namna ile. Unavuta kidogo, linaitika kwa pupa, na wewe hujui mabawa yatavumilia mpaka wapi. Basi akalishika kwa vidole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Faida yake ilikuwa nini, kama adui alikuwa tayari anashindwa? (Bujumbura)

Kwa He 177 pekee, faida ilikuwa ndogo. Ilifika vita vikielekea ukingoni. Ila kazi yenyewe ilianza mapema. Tangu Novemba 1941 Waingereza walikuwa na kikosi maalumu, namba 1426, kilichorusha ndege za Kijerumani zilizotekwa na kuzizungusha kwenye kambi. Marubani na wapiga mizinga walizitazama kwa karibu, wakasikia mlio wake, wakajua wapi bunduki zake hazifiki. Utani wa kambini uliwaita Rafwaffe.

Utani huo ulikuwa na gharama. Tarehe 10 Novemba 1943 Heinkel He 111 ya kikosi hicho, iliyotunguliwa Uskoti mwaka 1940 na kukarabatiwa, ilikuwa ikitua kambi ya Wamarekani ya Polebrook. Junkers Ju 88, nyara nyingine ya kikosi hichohicho, ikawa inatua kutoka upande wa pili wa njia ileile. Rubani wa Heinkel akakata kona ghafla kuikwepa, ndege ikakosa mwendo, ikaanguka. Wakafa saba kati ya kumi na mmoja.

Na Wamarekani? (Dar es Salaam)

Wao walijipatia dege jingine la Kijerumani, Junkers Ju 290, yenye injini nne zilizoachana kistaarabu. Kanali Harold Watson aliirusha kutoka Orly, Paris, akavuka Atlantiki kupitia Azores na Bermuda hadi Ohio mwaka 1945. Waliibatiza *Alles Kaputt*, yaani kila kitu kimekwisha. Ilipokatwakatwa vyuma Desemba 1946, ndani ya bawa kulikutwa baruti iliyotegwa ambayo haikulipuka. Walivuka bahari wameikalia.

Naweza kuiona He 177 wapi? (Muscat)

Hakuna hata moja iliyobaki nzima. Jamaa yake He 274, ambaye hatimaye alipewa injini nne zilizotengana, alimaliziwa na Wafaransa, akaruka Desemba 1945, naye akaishia kuvunjwa mwaka 1953. Ukifika Uingereza, nenda makumbusho ya jeshi la anga ya Cosford ukaione Ju 88 ambayo wafanyakazi wake waliitoroshea Aberdeen Mei 1943, ikiwa na rada ambayo Waingereza walikuwa wakiitamani. Hiyo haikuhitaji kutekwa, ililetwa mlangoni.