Namba 7 Yako Ni Namba 7 ya Nani?

*Muulize Kocha wa Gofu: barua za wasomaji*

Shikamoo Kocha. Mimi ni mhasibu, nina miaka 46, nachezea gofu Arusha, handikapu 17, yaani nazidi kiwango cha uwanja kwa mapigo 17 hivi. Kwa miaka kumi na mbili nimetumia fimbo nilizorithi kwa marehemu baba mkwe, zile nyembamba kama visu. Namba 7 ilikuwa inanipa mita 130. Mwezi wa nne nikanunua seti mpya, na tangu siku ya kwanza namba 7 inaruka mita 145. Nilifurahi mno, mke wangu ni shahidi. Lakini alama zangu, yaani idadi ya mapigo, hazijashuka hata moja, na kwenye gofu chache ndiyo bora. Nikiwa mita 95 kutoka shimoni sijui nishike nini, mipira inagusa grini (yale majani mafupi yanayozunguka shimo) na kupitiliza, na juzi nilipokuja Dar kwenye mashindano mipira haikufika karibu kila shimo. Nimebadilika mimi au fimbo?

Marahaba. Ni fimbo. Wewe ni yule yule, pole.

Umefanya vizuri kunitajia modeli za seti zote mbili, kwa sababu nimeweza kuzitafuta kwenye majedwali ya watengenezaji. Namba 7 ya baba mkwe ina mlalo wa digrii 35. Mlalo, ambao wengi kiwanjani tunauita lofti, ni jinsi uso wa fimbo unavyolala kuelekea nyuma: ukilala sana mpira unapanda, ukisimama mpira unakwenda mbele. Namba 7 yako mpya ina digrii 29. Namba 6 ya marehemu ilikuwa 31 na namba 5 ilikuwa 27. Kwa hiyo fimbo unayoiita saba imekaa katikati ya tano na sita ya mzee. Wameichonga 7 mgongoni, wewe ukaamini.

Usidhani umetapeliwa peke yako. Hakuna kanuni ya gofu inayosema namba 7 iwe na digrii ngapi. Kanuni inakuzuia kubeba fimbo zaidi ya 14, inapima mipasuo ya usoni (ile mistari iliyochongwa), inapima uso unavyodunda, lakini namba iliyochongwa ni jina tu, kama jina la basi. Mwaka 2022 ungeweza kuingia duka moja ukakuta Titleist T100, namba 7 yake digrii 34, na pembeni yake TaylorMade Stealth, namba 7 yake digrii 28. Digrii sita kati yao, karibu fimbo moja na nusu, na zote mbili zimeandikwa 7. Muuzaji anakupa mpira upige zote mbili. Unafikiri utatoka na ipi?

Hapo ndipo wazee wenzangu wa klabu huanza kulaani viwanda. Mimi silaani sana, na sababu ni hii. Ukichukua kisu cha baba mkwe ukakikunja mpaka digrii 29, utapiga mipira inayoruka chini kama njiwa aliyeshtuliwa. Seti yako haifanyi hivyo, kwa sababu uzito umehamishwa. Karsten Solheim, Mnorwe wa kuzaliwa aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping akiwa bado mhandisi wa General Electric huko Marekani, ndiye aliyelieneza wazo la kutoa chuma katikati ya mgongo wa fimbo na kukipeleka pembeni. Kama hujawahi kubeba mzega, muulize aliyebeba: ndoo mbili za maji, moja kila ncha ya mti, na mtu akikuita ghafla hugeuki haraka. Kichwa cha fimbo ni vivyo hivyo. Uzito ukiwa pembeni, mpira ukigonga nje ya katikati kichwa hakipinduki ovyo, na kasi haipotei sana. Kisha chuma kingi kikashushwa chini karibu na soli, yaani tumbo la kichwa cha fimbo, wengine wakaongeza tungsten, madini mazito, humo, na uzito ukiwa chini mpira hupanda wenyewe. Mwishowe uso ukafanywa mwembamba ili udunde kidogo, na shafti, ule mpini mrefu, ikarefushwa kama nusu inchi. Fundi akitazama fimbo ya namna hiyo anaona mpira unapanda kupita kiasi, basi anapunguza lofti. Ni uhandisi wa kweli. Ila idara ya mauzo nayo ilikuwa imekaa pale pale mezani.

Sasa alama zako. Mita 15 ulizopata zina bei, na bei yake ni jinsi mpira unavyoshuka. Lofti ikipungua, mzunguko wa nyuma wa mpira hupungua, na mpira hushuka kwa mteremko badala ya kudondoka. Vipimo vya rada ya TrackMan vilivyochapishwa kwa wachezaji wa PGA Tour, wanaume wa kulipwa huko Marekani, vilionyesha namba 7 yao ikizunguka kama mara 7,000 kwa dakika na mpira ukishuka kwa digrii 50. Mpira wa namna hiyo ukigusa grini unakaa. Wa kwako unafika kwa digrii chache zaidi ya arobaini na unatafuta mlango wa nyuma. Nikiwa kijana nilinunua seti ya kwanza ya aina hii kwa mkopo, nikawatambia makedi, wabeba fimbo, niliokua nao Moshi. Mmoja, mtu mzima kuliko mimi, akakubali dau la soda kumi. Kila mara alikuwa nyuma yangu mita ishirini, na kila mara mpira wake ulikuwa kwenye grini, wangu kwenye majani nyuma ya grini. Zile soda nilizilipa kwa wiki mbili.

Mita 95: pichingi yako mpya, fimbo inayofuata namba 9 kwa mipira mifupi, ina digrii 43. Ya zamani ilikuwa 48. Wakati huohuo sendi weji, ile fimbo ya kutokea mchangani, hukuibadilisha, bado ni 56. Kati ya fimbo hizo mbili kuna pengo la digrii 13, na mita 95 imeanguka humo humo. Nunua weji moja ya digrii 49 au 50, hata ya mtumba, na toa namba 4 kwenye mfuko. Hiyo 4 yako ina digrii kama 20. Kwa kasi yako huwezi kuipandisha, nami nina hakika hujaipiga vizuri mara tatu tangu uinunue.

Dar, mwisho. Arusha mko mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakatiza bila kuzuiwa sana. Ukishuka pwani ondoa kama asilimia nne au tano. Mita 145 zinakuwa 138 au 139, na upepo wa bahari haujaingia kwenye hesabu. Wenyeji wa Dar wakija kwenu hufurahi siku nzima. Usiwaambie sababu.

Hujambo Kocha. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 64, nacheza Nairobi mara mbili kwa wiki. Tulipimwa kwenye mashine klabuni: kasi ya fimbo yangu kwa namba 7 ni kilomita 100 kwa saa. Namba 5, 6 na 7 zote zinaangukia mahali pamoja, kati ya mita 95 na 100. Wenzangu wa kiume wananiambia "weka nguvu". Mwanangu aliye ng'ambo anataka kuniletea fimbo mpya, zile zinazotangazwa kwamba zinapiga mbali kuliko zote. Nimruhusu?

Sijambo, Mwalimu mwenzangu. Mruhusu, lakini si hizo.

Kwanza tuwaweke kando hao wa "weka nguvu". Katika vipimo hivyo hivyo vya TrackMan, wastani wa namba 7 kwa wanaume wa PGA Tour ulikuwa kilomita 145 kwa saa na mpira kuruka mita 157. Wanawake wa LPGA, ligi ya wanawake wa kulipwa, mabingwa wa dunia, walikuwa kilomita 122 na mita 129. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba kila kilomita moja ya kasi inakupa kama mita moja ya umbali. Wewe una kilomita 100 na mpira unakwenda karibu mita 100. Hudaiwi kitu. Wanaokusema, ukiwapeleka kwenye mashine hiyo wengi watakuwa na kasi ya mabingwa wa LPGA bila umbali wao, kwa sababu hawapigi katikati.

Mpira na uso wa fimbo hukutana kwa muda usiofika nusu ya elfu moja ya sekunde. Ukigonga katikati, mpira wa namba 7 hutoka na kasi kama mara 1.33 ya kasi ya fimbo. Kwako ni kilomita 133. Gonga karibu na ncha ikashuka hadi 1.25, umetupa kilomita nane, yaani mita sita hivi, bila kupunguza nguvu hata kidogo. Kuipata kilomita moja ya kasi kwa mazoezi ya mwili katika umri wetu ni kazi ya miezi. Kujua unagonga wapi ni kazi ya asubuhi moja. Chukua kalamu ya ubao mweupe (nadhani bado unazo), weka nukta nene nyuma ya mpira, piga, tazama usoni mwa fimbo. Futa, rudia mara ishirini. Ukikuta alama zote ziko upande wa ncha, sogea karibu na mpira kwa upana wa vidole viwili.

Kuhusu hizo tatu kuangukia mahali pamoja: mpira hauruki kwa kurushwa tu, unabebwa pia na hewa, na ili hewa iubebe unahitaji kasi na mzunguko. Namba 5 ina lofti ndogo, inataka mpigaji mwenye kasi aunyanyue mpira. Bila hiyo kasi unatoka chini, unaanguka mapema, na mita ulizotarajia hazionekani. Ukiletewa seti ya kutangazwa yenye namba 7 ya digrii 28, utakuwa umepewa namba 5 nyingine kwa jina jipya, nayo itaangukia pale pale zilipo hizo tatu.

Mwambie mwanao hivi: namba 7 isiwe chini ya digrii 31 au 32, kichwa kipana cha soli nene, shafti ya grafiti ya gramu 50 au 60. Shafti za chuma za wanaume zinafika gramu 130, na naamini fimbo zako za sasa zina shafti za aina hiyo, kwa sababu wanawake wengi wa klabu hurithishwa fimbo za waume zao. Namba 5 na 6 zisije kabisa. Badala yake zije haibridi mbili, zile zenye kichwa cha mviringo. Uzito wake uko nyuma na chini, zinaupandisha mpira hata mpigaji akiwa mpole. Kisha uende nazo kwenye mashine ile ile, usitazame umbali kwanza, tazama urefu wa mpira hewani. Ukiona mpira umepanda, umbali utakuja wenyewe.

Shikamoo Mzee. Mimi ni kedi, Morogoro, miaka 19. Nina fimbo za kupewa, chuma tupu za zamani, namba 7 naipiga mita 150. Wenzangu wananiambia bila fimbo za kisasa siwezi kucheza ridhaa ya ushindani. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Kama mita 150 ni za kuruka, si za kubingirika, una kasi ya kutosha na kisu kinakufaa. Hapo ulipo umbali si tatizo lako.

Tatizo ni kwamba chuma kile ni laini. Fimbo za chuma cha kufuliwa, zikipigwa miaka mingi kwenye ardhi kavu, hujikunja kidogo kidogo: namba 8 inaongeza digrii moja, namba 9 inapungua mbili, na unabaki na fimbo mbili zinazofanya kazi moja. Zipime hivi. Subiri asubuhi baada ya mvua, mpira unapoacha kishimo pale ulipotua. Piga mipira kumi kwa kila fimbo, tupa miwili ya mbele kabisa na miwili ya nyuma kabisa, hesabu hatua hadi katikati ya ile sita iliyobaki, andika. Ukiona kati ya fimbo na fimbo kuna mita kumi au kumi na mbili, ziache. Ukiona nne hapa na ishirini pale, zinakunjika zikarudi, tena bei ya kukunja ni ndogo kuliko nauli yako.

Ukipata safari ya Dar njoo nazo, mashine ninayo. Ila usizipige msasa kuzing'arisha kabla sijaziona. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea seti inameta kama masufuria ya harusi, mipasuo yote ya usoni imefutika.