Kona ya Mikono: Ua la karatasi moja linagoma kujaa hewa, nifanyeje?

SWALI: Habari dada. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Gungu, Kigoma. Mahafali yanakaribia na nataka ukumbi upambwe na maua ya karatasi yaliyotengenezwa na watoto wenyewe. Nimejifunza kwenye simu lile ua la tulipu la kupuliza, lakini nikifika kwenye kupuliza linagoma, nikilazimisha linachanika. Natumia manila za rangi. Na je, watoto wa miaka mitano wataliweza kweli? Mwalimu mwenzangu anasema tunapoteza muda wa masomo.

JIBU: Nzuri mwalimu, na hongera sana kwa wazo lako, maana kazi ya mikono ya mtoto mzazi anaiangalia tofauti kabisa na puto la kununua.

Mchawi wa kwanza ni hiyo manila. Manila ni nzuri kwa chati za ukutani, ila tulipu inataka ukunje juu ya mkunjo juu ya mkunjo mwingine, sasa kwa unene ule karatasi inajifunua yenyewe na ukiibana kwa nguvu ndo inapasuka pale pale kwenye mstari. Nenda steshenari uchukue A4 za rangi za kawaida za gramu 80, zile za kutolea kopi. Za kufungia zawadi zenye kama nailoni juu achana nazo, mkunjo haukai. Na kipindi hiki cha mvua hapa kwetu karibu na ziwa karatasi zinavuta unyevu zinalegea, kwa hiyo rimu ikishafunguliwa ifunge kwenye mfuko wa plastiki na usiiweke chini sakafuni.

Mchawi wa pili nahisi ni mraba. Hapa nakuomba usifanye haraka hata kidogo, kwa sababu ua lote linaanzia hapa, mraba ukiwa umepinda milimita chache tu basi ukifika mwisho ncha hazikutani na tundu la kupulizia linakaa upande. Chukua A4, lete upande mfupi ulalie juu ya upande mrefu mpaka upate pembetatu, piga mkunjo kwa kucha, kile kipande kinachobaki nje kikate. Umepata mraba wa sentimita 21 kwa 21, na kipande cha karibu sentimita 8.7 kwa 21 ambacho USITUPE, hicho ndo kikonyo cha ua, unakiviringisha kuanzia kwenye kona moja kwa mshazari mpaka kinakuwa mrija mwembamba, gundi kidogo mwishoni basi. Ua na kikonyo vyote kwenye karatasi moja.

Sasa kukunja. Upande unaotaka uonekane nje uangalie chini. Kunja kona kwa kona, fungua, kisha zile kona mbili zingine, fungua, una msalaba wa mshazari. GEUZA karatasi, kunja katikati ukingo kwa ukingo, fungua. Wengi wanasahau kugeuza ndo maana karatasi inawabishia. Ukigeuza vizuri utaona ukibonyeza katikati inadunda yenyewe, basi sukuma pande mbili za ule mkunjo wa mwisho ziingie ndani na upate pembetatu yenye mabawa mawili mbele na mawili nyuma. Ncha ikae juu. Mabawa ya mbele yapandishe moja moja yafike kwenye ncha ya juu, geuza, fanya hivyo hivyo nyuma. Hapo una kama umbo la almasi lenye mpasuko katikati. Bawa moja la mbele lifunue lilale upande wa pili kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, na nyuma pia, ili uso usiokuwa na mpasuko uwe mbele.

Hatua inayofuata ndo inayowaangusha watu. Pembe ya kulia ilete ivuke kidogo tu mstari wa katikati, ya kushoto nayo ivuke kidogo, kisha moja ichomeke ndani ya mfuko wa mwenzake. Angalia vizuri utaona pale pembeni kuna tabaka mbili, katikati yake ndo mfuko. Ukivusha pembe kupita kiasi unaliminya ua linakuwa jembamba na hewa haina pa kwenda, usipovusha kabisa zinachomoka ukipuliza. Fanya na nyuma. Kule chini kuna tundu, kabla hujapuliza litanue kidogo na ncha ya penseli, shika ua kwa wepesi bila kulibana, puliza pumzi fupi fupi sio moja kubwa. Likishajaa shika zile ncha nne za juu uzivute nje taratibu, hizo ndo petali. Kikonyo kinaingia kwenye lile lile tundu. Na kila mtoto apulize la kwake jamani, mwandikishe jina kabisa.

Ila mwalimu, nikwambie ukweli, kwa miaka mitano hili la kupuliza ni mapema, vidole bado. Wapo watakaoweza lakini wengi watalia. Wape la bapa: mraba, kunja kona kwa kona upate pembetatu, ncha juu, kisha kona ya kulia ipandishe kwa kuegemea nje kidogo, ya kushoto hivyo hivyo, geuza, una ua lenye ncha tatu, wanabandika kwenye karatasi wanachora kikonyo na majani. La kupuliza fanya wewe na kaka zao na dada zao wa darasa la tatu kwenda juu. Na kwa sababu darasa lako najua ni kubwa, kata A4 katikati kwanza, kila nusu inatoa mraba wa sentimita 14.8, kwa hiyo karatasi 30 zinatosha watoto 60.

Huyo mwalimu mwenzako mwambie kwa upole kwamba Friedrich Fröbel wa Ujerumani, yule aliyeanzisha shule za chekechea karne ya 19, kukunja karatasi aliiweka ndani ya mafunzo yenyewe, haikuwa ya kupotezea muda. Mtoto anayekunja mraba kuwa pembetatu anajifunza nusu na robo kwa vidole vyake kabla hajaambiwa inaitwaje.

SWALI: Dada salama? Mimi ni baba wa watoto wawili, Ujiji. Mke wangu anapenda waridi, nimeona video ya waridi la Kijapani la karatasi moja nimejaribu nimekwama katikati. Kuna njia rahisi?

JIBU: Salama kaka. Nadhani uliloliona ni waridi la Kawasaki, limebuniwa na Toshikazu Kawasaki ambaye ni mtaalamu wa hesabu huko Japani, mpaka kuna kanuni ya hesabu ya mikunjo inaitwa kwa jina lake. Lile linaanza na mistari mingi unayoikunja na kuifungua kwanza, alafu katikati unazungusha karatasi yote kwa pamoja ijisokote, na hapo ndo karibu kila mtu anakwama. Sio kwamba huna mkono. Ukitaka kulipata anza na mraba mkubwa wa sentimita 21 sio mdogo, na kila mstari uupige kwa kucha mbele na nyuma ili uwe tayari kukunjika upande wowote, ukiwa mlegevu karatasi haitajua izunguke wapi.

Lakini kama siku yenyewe ni karibu, fanya hili. Chora duara kubwa kwenye karatasi nyekundu, ulikate kwa mkasi kwa kuzunguka kuingia ndani kama upana wa vidole viwili mpaka ufike katikati, acha katikati kiduara kidogo. Anza kuviringisha kutoka mwisho wa NJE kuelekea ndani, sio kinyume chake. Ukifika kwenye kiduara achia kidogo msokoto utanuke, paka gundi kiduara kiwe kitako. Hapo kuna mkasi na gundi kwa hiyo wakunjaji wenye msimamo watasema sio origami halisi, yaani ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi tu, na ni kweli, ila waridi limetoka karatasi moja na atalipenda. La Kawasaki jifunze taratibu umpe mwakani.

SWALI: Nina mgahawa Kibirizi, nataka zile tishu za mezani ziwe maua. Inawezekana?

JIBU: Tena tishu nzito za mraba ndo zinafaa kuliko karatasi! Tengeneza yungiyungi. Kona zote nne zilete katikati, kisha kona nne mpya zilete tena katikati, geuza, zilete katikati mara ya tatu. Weka glasi katikati ibane. Sasa ingiza kidole chini ya kila kona, kuna ncha imejificha kwa nyuma, ivute ije juu ikumbatie kona, hizo ni petali nne. Kati kati ya hizo kuna zingine nne chini, zivute nusu ziwe majani. Tishu nyepesi za tabaka moja zitachanika ukivuta kwa hiyo hapo usibane matumizi. Na ziandae asubuhi, ukilaza usiku kucha wakati wa mvua zitakuwa zimelegea.

SWALI: Shikamoo dada. Niko kidato cha pili, naishi Mwanga, Kigoma. Napenda sana kukunja maua ila marafiki zangu wanasema ni mambo ya wasichana. Pia tulipu nishaiweza, nijifunze lipi sasa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Waambie marafiki zako habari za Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911 akafariki 2005. Akiwa kijana alifanya kazi kiwandani, akawa anatumia kukunja karatasi kuwafundisha jiometri wafanyakazi wadogo, na baadaye akaja kuheshimiwa duniani kote kama mkubwa wa sanaa hii, mwaka 1983 serikali ya Japani ikamtunuku nishani. Ile mishale na mistari ya nukta nukta unayoiona kwenye michoro ya kukunjia, mfumo wake ulianza kwake. Kwa hiyo kunja bila aibu mdogo wangu, na somo la jiometri likija darasani utashangaa unavyolielewa.

Baada ya tulipu nenda kwenye yungi lenye petali nne zilizojikunja nje, karatasi ni ile ile ya gramu 80 na mraba ule ule wa sentimita 21, ila mikunjo ni mingi zaidi na chini linakuwa jembamba sana. Petali zake zizungushie kwenye penseli ndo zinajikunja vizuri. Ukishaliweza hilo, ndo umsaidie yule baba wa Ujiji na waridi lake.