Mtoto hakuwepo, kesi ya nini?

SUALI: Asalaam aleykum. Mwanangu yuko Marekani, kakamatwa, alikuwa anachati na mtoto wa miaka 14 kumbe askari, wakamngojea alipokwenda kuonana nae. Sasa mtoto hakuwepo, kosa liko wapi? Mama, Wete.

JIBU: Waaleykum salaam bibi, pole. Hilo halimtoi, sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inashika hata kujaribu tu kosa, na kifungo kinaanzia miaka 10 mpaka maisha. Utetezi upo wa kusema serikali ndo ilimtia tamaa, mwaka 1992 Mahakama ya Juu kule ilimfutia mtu hatia kwa sababu serikali ilimchokoza kwa barua miezi 26 na haikuthibitisha alikuwa na nia kabla. Lakini ni mgumu, watasoma chati zote, nani kaanza maneno machafu, nani kasema tuonane. Asifute kitu, asiseme na polisi bila wakili, akikosa pesa mahakama itampa.