Kabla ya kununua presi, jifunze kuanika

Anayenipigia kutaka kuanza kutengeneza vigae vya mpira kwa matairi chakavu huanza na bei ya mashine. Ndugu yangu, naomba tuanze na chenga, yaani punje za mpira uliosagwa.

Wengi wanadhani tairi linayeyushwa. Haliyeyuki. Mpira wake umepikwa na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, na ukishaiva hivyo haurudi kuwa uji. Ukiuzidishia moto unaungua tu na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Kwa hiyo tunasaga. Waya hutolewa kwa sumaku, nyuzi zinapepetwa, zinabaki chenga za milimita 1 hadi 4. Hizo unazichanganya na gundi ya poliyurethani, unajaza kalibu, yaani umbo la chuma la kigae, unagandamiza kwa joto kwenye presi. Kigae cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 2.5, kinakula kilo tano na nusu hivi za mchanganyiko, kwa hiyo tairi moja la gari dogo linatoa takriban kigae kimoja. Piga hesabu hiyo kabla ya kumwahidi mteja.

Sasa nikueleze kilichonikuta. Nilianzia Nyakato, hapa Mwanza, wakati wa masika, na oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa vigae 40 vya ukumbi wa mazoezi. Chenga zilikuwa kwenye viroba, chini ya bati, nikaamini ni kavu kwa sababu mkononi zilikuwa kavu. Wiki ya tatu mwenye ukumbi akanipigia: vigae vimevimba katikati, na kingo zinamomonyoka kila mtu akiangusha chuma. Nilikwenda, nikang'oa kimoja, nikakipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na vitundu vitupu, kama andazi lililoumuka.

Gundi hii inahitaji unyevu kidogo ili igande. Maji yakizidi, inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayotoboa kigae kwa ndani. Hapa Mwanza hewa ya asubuhi kutoka ziwani inatosha kulowesha kiroba kilichoachwa wazi usiku mmoja.

Aliyenifundisha dawa yake hajui kigae cha mpira ni nini. Ni mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nilimkuta ametia dagaa wachache kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, akaufunga, akauweka juani. Nikamuuliza kwa nini. "Wakitoa jasho humu, baba, bado wabichi. Nikiwafungia leo, kesho wanaoza." Tangu siku hiyo kila mzigo wangu unapita kwenye mfuko huo. Naanika chenga juu ya turubai, tabaka jembamba, nazigeuza kwa reki mara kwa mara, kisha nafunga konzi moja kwenye nailoni na kuiacha juani nusu saa. Nikiona hata tone moja, zinarudi turubai.

Zikishakauka mengine ni mepesi. Kwa kilo 10 za chenga natia gundi kilo 1, au 1.2 zikiwa laini sana, maana laini zinanywa zaidi. Presi naiweka kwenye nyuzi joto 120. Pipa la gundi lifunikwe mara tu unapochota, la sivyo juu yake linaota ngozi na hasara ni yako. Vaa glavu, vaa barakoa ya mvuke yenye kichujio, fanya kazi penye hewa: kemikali za gundi hii zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Hili sitanii nalo, kijana wangu yeyote akivua barakoa wakati wa kuchanganya namtoa nje.

Mashine ya kusaga inaweza kusubiri. Karakana zinazovisha matairi mpira mpya hukwangua tairi la zamani kwanza, na makwanguo yale hayana waya. Nunua hayo, chukua kalibu moja, tengeneza vigae kumi, viweke mlangoni pako vikanyagwe mwezi mzima.

Na mtu wa bembea ndefu za watoto usimuuzie hivi vya sentimita 2.5, hata akikulilia bei. Mtoto akianguka kutoka juu vile, vigae hivi havimwokoi.

Yule mwenye ukumbi nilimtengenezea vigae vyote 40 upya na kirikuu, kigari cha kuvibeba, nikalipa mimi. Ndiye aliyeniletea wateja wawili waliofuata.