Uliza Mwalimu: Kamati ya bunge ikimbana waziri, kinafuata nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huku Devon, Uingereza. Bosi wangu hapitwi na vikao vya kamati ya bunge inayoisimamia Defra, wizara ya mazingira, chakula na maeneo ya vijijini. Wabunge wanauliza kwa ukali, waziri anajibu, halafu bosi anazima kompyuta akisema ni kelele tupu. Kamati hiyo ina meno kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bosi wako ana sababu za kukata tamaa, ila hukumu yake siikubali.

Nianze na yale ambayo kamati haiwezi. Haiwezi kumfukuza waziri. Haiwezi kuongeza wala kupunguza hata paundi moja kwenye bajeti ya wizara. Ina mamlaka ya kuita watu na nyaraka, lakini waziri ambaye ni mbunge haiwezi kumlazimisha rasmi aje. Anakuja kwa desturi ya bunge, na kwa kuwa kiti kitupu mbele ya kamera kingemwaibisha. Wajumbe ni 11 kutoka vyama mbalimbali, na tangu 2010 mwenyekiti anachaguliwa na Bunge zima la Commons kwa kura ya siri. Hili la mwisho mimi nalipa uzito mkubwa, maana mwenyekiti asiyewekwa na viranja wa chama, wale wanaosimamia nidhamu ya wabunge, haoni haja ya kuwaogopa. Aliyechaguliwa 2024, Alistair Carmichael, ni mbunge wa Orkney na Shetland kutoka Liberal Democrats, chama cha upinzani.

Sasa tazama kamati ilivyolivalia njuga suala la nyama inayoingizwa kinyume cha sheria kupitia bandari ya Dover. Januari 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Ujerumani, kwenye nyati wa kufugwa karibu na Berlin. Machi ukaonekana Hungary na Slovakia. Mfugaji wa Uingereza akisikia jina la ugonjwa huo anakumbuka 2001, mwaka ambao wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, wizara ya kilimo ya zamani ikavunjwa, na Defra ikaundwa mwezi Juni kushika nafasi yake. Muulize bosi wako, kama alikuwa mkulima wakati huo atakusimulia hadi usiku. Na nyama inaweza kubeba virusi vyake, kwa hiyo kamati haikuwa ikijadili nadharia. Ilitaka kujua nani anakagua nyama inayoshuka kwenye feri.

Majibu yalitisha. Malori ya biashara yanayopaswa kukaguliwa yanashukia Dover, lakini kituo cha ukaguzi kiko Sevington, karibu na Ashford, maili 22 kutoka bandarini. Dereva anaelekezwa aende, anakwenda mwenyewe, hasindikizwi na mtu. Swali la wabunge lilikuwa la wazi kabisa: asipofika? Upande mwingine kuna vani na magari madogo, ambamo maofisa wa afya ya bandari wamekuwa wakikuta nyama isiyo na jokofu wala hati, imesongwa kwenye mifuko. Maofisa hao walikaa mbele ya kamati wakaeleza wanachokiona kazini, na maelezo yao hayakulingana na picha ya utulivu iliyokuwa ikitolewa na wizara.

Aprili 12, 2025 serikali ilipiga marufuku wasafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya kwa matumizi yao. Sitasema marufuku hiyo ni matunda ya kamati, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio uliosukuma. Kamati ilichofanya ni kuonyesha kwamba marufuku bila mkaguzi wa kufungua mlango wa vani haizuii kitu. Septemba mwaka huohuo ikatoa ripoti nzima kuhusu jambo hilo.

Na ripoti ndipo yalipo meno unayoyatafuta. Serikali inatarajiwa kuijibu kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi 2, pendekezo moja baada ya jingine: tunakubali, hatukubali, sababu ni hizi. Mawaziri huja na kuondoka. Steve Reed aliyekuwa akiongoza Defra alipisha nafasi kwa Emma Reynolds mwezi uleule wa Septemba. Lakini jibu lililoandikwa linabaki, na aliyerithi kiti atasomewa maneno ya mtangulizi wake neno kwa neno. Wizara ikisema kitu kwenye redio inaweza kukisahau kesho. Ikikisema kwa kamati, kuna karani mwenye nakala.

Mimi hupenda kukaa viti vya umma vya nyuma, ambako kuingia ni bure, na macho yangu huwa kwa maofisa waliokaa nyuma ya waziri. Mbunge akitoa hotuba ndefu kuhusu jimbo lake na kumalizia na alama ya kuuliza, maofisa wanatulia. Akiuliza, "Idadi hiyo mliipata lini, na kutoka kwa nani?", utaona karatasi iliyokunjwa ikipitishwa mbele. Wajumbe wanaopoteza dakika zao kwa hotuba wananiudhi kuliko mawaziri wanaokwepa, maana kukwepa ni jambo la kutarajia.

SWALI: Mwalimu, mbona Defra inaitwa na kamati zaidi ya moja? Si ni kurudiarudia?

JIBU: Zinagusana, ila kila moja ina jicho lake. Hiyo ya Carmichael inaangalia sera na utendaji wa Defra. Kamati ya Ukaguzi wa Mazingira, iliyoanzishwa 1997, inafuatilia mazingira katika serikali nzima, hivyo inaweza kumwita hata waziri wa fedha. Kamati ya Hesabu za Serikali ipo tangu 1861, mwenyekiti wake hutoka upinzani, na inayemhoji zaidi ni katibu mkuu wa wizara, kwa sababu yeye ndiye anayewajibika kwa fedha. Hiyo inaegemea kazi ya wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo inaingia chumbani ikiwa tayari na tarakimu.

Mfano mzuri ni malipo ya ruzuku kwa wakulima wa England. Hadi mwisho wa Machi 2006, wakala wa Defra ulikuwa umelipa asilimia 15 tu ya takriban paundi bilioni 1.5, wakati lengo lilikuwa asilimia 96. Serikali ilikuwa imechagua fomula ngumu kuliko ile ya Scotland na Wales, na mifumo haikuwa tayari. Wakaguzi wakatoa hesabu, Kamati ya Hesabu ikafuata fedha, na kamati inayoisimamia Defra ikauliza nani aliamua na alikuwa ameonywa nini. Kamati moja isingeyafikia yote hayo. Watu walikuwa wakikopa benki kulisha mifugo huku wakisubiri, kwa hiyo maswali yakirudiwa mara mbili mimi sioni hasara.

SWALI: Je, mtu wa kawaida kama mimi, kibarua, naweza kuiandikia kamati?

JIBU: Unaweza. Kamati ikifungua uchunguzi inatangaza maswali yake na tarehe ya mwisho kwenye tovuti ya bunge, na yeyote anaruhusiwa kutuma ushahidi wa maandishi. Ukihofia bosi au jirani, omba jina lako lisichapishwe. Kamati ndiyo inayoamua. Ukishapokelewa rasmi kama ushahidi unapata kinga ya bunge, hushtakiwi kwa ulichoandika. Usiuchapishe kwingine kabla.

Kamati haitatui kesi ya mtu mmoja mmoja. Fomu yako ikikwama, mwone mbunge wa eneo lako, naye ndiye anayeweza kuifikisha kwa msuluhishi wa malalamiko wa bunge.

Andika kurasa chache, ukianza na kazi yako na ulichokiona kwa macho. Kama unajua lori lilifika saa ngapi na karatasi gani ilikosekana, hilo liwe juu kabisa. Maoni yako kuhusu serikali yaweke chini, kama nafasi itabaki.