Viatu vya Kijapani vyenye panda ya vidole: vya bei nafuu vitanifaa?

Swali: Fundi, shikamoo. Nimevipenda vile viatu vya Kijapani vinavyotenga kidole gumba na vidole vingine. Mtandaoni naona vya bei ya chini na vingine vya bei ya kutisha, na kwa macho yangu vyote ni vilevile. Navaa namba 41, na kidole changu cha pili kimelipita gumba. Nataka vya kutembelea kila siku. Vya bei nafuu vitanifaa? Nichukue saizi gani?

Jibu: Marahaba. Vitakufaa, tena viatu hivi vilizaliwa vikiwa vya bei nafuu.

Kwanza jina, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Tabi yenyewe ni soksi ya kitambaa cha kushona, yenye panda ili mguu uingie kwenye ndara za ugwe kama zori na geta. Ukiona tabi nyeupe ya bei rahisi sana, hiyo ni ya kuvaliwa pamoja na kimono, lile vazi la jadi la Kijapani, haikutengenezwa kukanyaga barabara. Unachotafuta ni jika-tabi: tabi yenye soli ya mpira.

Zilianza kuuzwa mwaka 1923 na ndugu wa ukoo wa Ishibashi, mjini Kurume, kusini mwa Japani. Kabla ya hapo soli zilishonwa kwa uzi, na uzi ulio chini ya unyayo husagika upesi: ukikatika, soli inabanduka. Wao waliubandika mpira kwenye kitambaa kwa gundi ya mpira. Wachimba makaa ya mawe na wakulima, waliozoea kuchakaza ndara za majani ya mpunga moja baada ya nyingine, wakazipokea kwa mikono miwili. Mmoja wa ndugu hao, Shojiro Ishibashi, ndiye aliyeanzisha kampuni ya matairi ya Bridgestone mwaka 1931. Kwa hiyo tangazo likikuambia ni viatu vya ninja wa kale, ujue muuzaji hajui anachouza.

Zile za bei ya kutisha ni za ukoo mwingine. Mwaka 1988 mbunifu Martin Margiela aliipeleka panda hiyo kwenye maonyesho ya mitindo Paris, akaiweka kwenye buti la ngozi lenye kisigino kirefu. Pale unalipia ngozi, mkono wa fundi na jina. Ni kazi nzuri, naiheshimu, lakini kwa kutembea kila siku haikuzidishii kitu. Jika-tabi za kazi, kama za Marugo wa mkoa wa Okayama, huuzwa kwa yen elfu chache tu.

Sasa saizi. Wajapani huandika urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita, na hupanda kwa nusu sentimita. Namba ya Ulaya hupima kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezwa juu yake: 41 ni kalibu ya sentimita 27 na kidogo, na ndani yake hukaa mguu wa takriban 25.5 hadi 26. Usikisie lakini. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, upige alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwako ni cha pili. Hili ni jambo la kuangalia sana, kwa sababu kwenye jika-tabi nyingi chumba cha gumba ndicho kinachotangulia mbele, na kidole chako cha pili kitagonga ukuta wa chumba cha pili mapema. Chukua kipimo cha kidole hicho, kisha ongeza nusu sentimita.

Usizidishe hapo. Kiatu cha kawaida kikiwa kirefu, unavumilia. Hiki hakivumiliki: panda inakaa mbele ya mahali pake, ukiteremka mlima mguu unasogea hadi ngozi laini ya kati ya vidole inagonga mshono, na malengelenge ya pale yanauma kuliko ya kisigino. Nimewaona watu wakivilaumu viatu vizima kwa kosa la sentimita moja.

Hiyo panda ndiyo ninayoikagua kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye viatu vya kuiga hukuta mshono tu uliochorwa juu, huku soli chini ikiwa kipande kimoja. Vidole havitengani, vinabanwa. Tazama picha ya soli: lazima mwachano ufike hadi chini. Ukikipata mkononi, ingiza kidole ndani upapase mshono wa panda. Ukikwaruza kidole cha mkono, utakwaruza cha mguu. Kisha kunja kiatu mbele, utazame pale mpira unapokutana na kitambaa. Ukiona gundi ikifunguka mdomo, kirudishe. Mpira wa kweli ukiukunja hurudi upesi. Plastiki hubaki na alama nyeupe, na kwenye sakafu yenye maji huteleza.

Vile vipande bapa vya chuma nyuma ya kifundo huitwa kohaze. Funga kuanzia chini kwenda juu. Vitanzi vya uzi huwa vimepangwa safu mbili, hivyo unaweza kukaza au kulegeza kulingana na mguu wako.

Jipe muda. Soli ya jika-tabi ya kazi ni nyembamba na bapa, haina kisigino, kwa hiyo shavu la mguu na kano ya kisigino hufanya kazi zaidi ya mazoea. Wiki ya kwanza tembea nusu saa kwa siku, kisha ongeza polepole. Kama unatembea kwenye lami tupu siku nzima, tafuta zile zenye mto wa hewa kwenye soli; bei inapanda kidogo, ila mimi ningeilipa. Na ukiwa na kisukari au ganzi ya miguu, muone daktari kabla ya kuvaa soli nyembamba.

Nunua pamoja na soksi za vidole viwili au vitano, kwani soksi ya kawaida hujikunja kwenye panda. Viatu vyenyewe fua kwa mkono, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Jua kali hukausha mpira ukapasuka, na hupasuka kwanza palepale kwenye panda.